Neema Tusiyoistahili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia katika madarasa ya waumini wapya. Hujirudia zaidi, kwa sauti ya chini, kwa waumini wa siku nyingi wanaoona aibu kuuliza jambo wanalodhaniwa kulijua. Majibu yanatoka katika Biblia, na pale makanisa yanapotofautiana tumesema hivyo. Mengine ni marefu kwa sababu swali lenyewe halimaliziki kwa sentensi mbili.

Neema ya Mungu ni nini hasa?

Ni wema ambao Mungu humtendea mtu asiye na dai lolote juu yake. Paulo analieleza kwa lugha ya kazi na malipo katika Warumi 4:4: "kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni." Mwenye kibarua akipokea ujira wake jioni amelipwa haki yake, wala hakuna aliyemfanyia fadhila. Aya inayofuata ndiyo inayoshtua: Mungu humhesabia haki mtu asiyekuwa mtauwa, yaani asiyemcha Mungu. Hasemi aliyejirekebisha, wala anayejitahidi.

Wapo wanaodhani kwamba neema ni Mungu kufumbia macho dhambi. Sivyo. Kama dhambi ingeweza kufumbiwa macho, msalaba usingehitajika. Neema ni bure kwa anayepokea, lakini aliyeitoa aliilipia. Na aliilipia kabla hatujaomba: "Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi" (Warumi 5:8).

Neema na rehema zinatofautianaje?

Kwa kawaida husemwa kwamba rehema ni kutopewa adhabu uliyoistahili, na neema ni kupewa zawadi usiyoistahili. Inasaidia kukumbuka, ila usiing'ang'anie mno. Waandishi wa Biblia huyaweka maneno hayo pamoja bila kuyawekea mipaka, kama ilivyo katika Waebrania 4:16, ambapo tunaalikwa kukikaribia kiti cha neema ili tupewe rehema na kupata neema.

Je, Agano la Kale ni la sheria na Agano Jipya ni la neema?

Mgawanyo huo ni rahisi kuliko Biblia yenyewe. Nuhu alipata neema machoni pa Bwana katika Mwanzo 6:8, karne nyingi kabla ya Musa. Amri Kumi zenyewe hazianzi na amri. Zinaanza na habari: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa" (Kutoka 20:2). Waisraeli walikwisha kuvuka bahari walipofika Sinai. Hakuna aliyewaambia kule Misri kwamba wazishike amri kwanza ndipo watolewe utumwani.

Kisha wakatengeneza ndama ya dhahabu wakati Musa angali mlimani. Ni baada ya aibu hiyo, katika Kutoka 34:6, Mungu anapojitangaza kuwa mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira. Maneno hayo yanarudi tena na tena katika Zaburi na kwa manabii. Yona anayanukuu pia, lakini kwa hasira (Yona 4:2): anamlaumu Mungu kwa kuwa na huruma kwa watu wa Ninawi. Nadhani huyo ndiye nabii anayetufanana zaidi.

Ukitaka kuiona neema kabla ya Kristo ikiwa imekaa mezani inakula, soma 2 Samweli 9. Mefiboshethi ni mjukuu wa Sauli, mfalme aliyemwinda Daudi. Ni kiwete wa miguu yote miwili, anaishi Lo-debari, na kwa desturi za falme za wakati ule angetazamia kuuawa. Daudi anamwita, anamrudishia mashamba ya babu yake, na kumkalisha mezani kama mmoja wa wana wa mfalme. Sababu ni agano ambalo Daudi alifanya na Yonathani, baba yake. Mefiboshethi mwenyewe hakuwa amefanya lolote.

Kama wokovu ni bure, matendo mema yana kazi gani?

Watu husoma Waefeso 2:8-9 na kuishia hapo: tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Aya ya 10 iko pale pale: tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema, ambayo tokea awali Mungu aliyatengeneza ili tuenende nayo." Matendo yamo kwenye aya zote mbili. Katika ya kwanza yanakataliwa kuwa chanzo cha wokovu. Katika ya pili yanatajwa kuwa kusudi lake.

Vipi basi kuhusu Yakobo, anayesema imani isiyo na matendo imekufa? Yakobo na Paulo wanapambana na watu wawili tofauti. Paulo anamjibu anayetaka kumwonyesha Mungu orodha ya mema yake. Yakobo anamjibu anayesema "ninaamini" huku akimtazama ndugu asiye na nguo na kumwambia aende kwa amani, akaote moto. Ukimsomea wa pili maneno ya Paulo, atalala usingizi mzuri zaidi. Ukimsomea wa kwanza maneno ya Yakobo, ataongeza vitu kwenye orodha yake.

Paulo mwenyewe hakuwa mvivu. Anasema kwa neema ya Mungu amekuwa hivi alivyo, na kwamba alifanya kazi kupita mitume wote, "wala si mimi, bali ni neema ya Mungu pamoja nami" (1 Wakorintho 15:10). Mtu aliyekwisha kukubaliwa hafanyi kazi ili akubaliwe, kwa hiyo nguvu zake zote zinabaki kwa ajili ya kazi yenyewe.

Basi nikitenda dhambi nitasamehewa tu, si ndiyo?

Inategemea nani anauliza.

Kuna anayeuliza akiwa tayari amepanga jambo lake na anatafuta ruhusa mapema. Huyo Paulo alimjibu zamani: "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!" (Warumi 6:1-2). Yuda naye, katika aya ya 4 ya waraka wake, anawataja watu wanaoibadili neema ya Mungu kuwa ufisadi. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri wa Ujerumani aliyenyongwa na utawala wa Kinazi tarehe 9 Aprili 1945, alilionya kanisa lake juu ya neema ya bei rahisi: msamaha unaohubiriwa bila toba, ubatizo bila nidhamu, Kristo asiyefuatwa. Aliyaandika hayo katika nchi ambayo karibu kila mtu alikuwa amebatizwa, na wengi wao walikuwa wakimshangilia dikteta.

Ila ni jambo la kutia moyo kwamba Paulo alilazimika kulijibu swali hili. Maana yake ni kwamba mahubiri yake yalisikika kwa namna iliyoweza kulizalisha. Mahubiri ya neema ambayo hayajawahi kumfanya mtu yeyote aulize "kwa hiyo naweza kufanya nitakalo?" huenda bado yameficha masharti mahali fulani.

Anayeuliza kwa hofu ni mtu mwingine kabisa. Ameanguka tayari, ameumia, na anataka kujua kama mlango umefungwa. Kumpa huyo onyo la Yuda ni ukatili. Apewe 1 Yohana 1:9: tukiziungama dhambi zetu, yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Wahudumu wengi hukosea hapa. Wana jibu moja na wanampa kila anayekuja.

Halafu kuna Tito 2:11-12, ambayo haisomwi sana. Inasema neema "yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia." Tumezoea kudhani kwamba sheria ndiyo mwalimu mkali na neema ndiyo likizo. Katika waraka huu kwa Tito, neema ndiyo mwalimu.

Nimeanguka katika dhambi ile ile tena. Neema imeniishia?

Petro alimuuliza Yesu kama kusamehe mara saba kungetosha, akajibiwa saba mara sabini (Mathayo 18:22). Mungu hatuagizi tuwe na subira kuliko yake mwenyewe.

Hata hivyo, dhambi inayojirudia ina mazingira yake: saa, mahali, watu, uchovu, simu uliyoishika ukiwa peke yako usiku. Kutubu kwa machozi na kuyaacha mazingira vile vile si toba kamili. Mwambie mtu mmoja mkomavu, asiye mbeya. Kama ni uraibu, wa pombe au wa picha za ngono au wa kamari, tafuta pia msaada wa mtaalamu. Kumwendea hakupunguzi imani. Yakobo 5:16 inaagiza tuungamiane dhambi, na wengi wetu tungefanya lolote lingine badala ya hilo.

Neema humbadilisha mtu mara moja?

Wakati mwingine ndiyo. Mara nyingi polepole, na historia haioni aibu kusema hivyo. John Newton, Mwingereza aliyekuja kuwa mchungaji na mtunzi wa nyimbo za neema, alianza kumrudia Mungu kwenye dhoruba baharini mwaka 1748. Lakini baada ya dhoruba hiyo aliendelea na biashara ya watumwa, akawa nahodha wa meli zilizowabeba Waafrika kuvuka Atlantiki, na alipoacha bahari mwaka 1754 sababu ilikuwa afya. Alipadirishwa katika Kanisa la Anglikana mwaka 1764. Ni mwaka 1788 tu ndipo alipochapisha kijitabu cha kuipinga biashara hiyo waziwazi na kukiri aibu yake. Alikufa Desemba 1807, miezi kadhaa baada ya Bunge la Uingereza kuipiga marufuku.

Miaka 40 kati ya dhoruba na kijitabu. Ushuhuda wake ukisimuliwa, miaka hiyo huwa inarukwa, kwa sababu inaharibu utamu. Mimi naona isirukwe. Waliokuwa chini ya sitaha ya meli zake hawakuwa sehemu ndogo ya hadithi, na neema inayosimuliwa kwa kuwasahau imepungukiwa ukweli.

Nimeokoka siku nyingi. Mbona bado najiona kama ninadaiwa?

Hili ndilo swali ambalo mengine yote yanazunguka. Wengi wetu tuliingia kwa neema, kisha tukageuka kuishi kwa mshahara. Siku ya kuokoka tulijua hatuna kitu. Miezi ikapita, tukafungua daftari: upande mmoja maombi, kufunga, sadaka, huduma, upande mwingine makosa. Kila jioni tunajumlisha.

Daftari hilo unaweza kulitambua. Baada ya wiki nzuri unaomba kwa ujasiri, na baada ya wiki mbaya unakwepa hata kufungua Biblia, kana kwamba Mungu huangalia salio kabla ya kupokea. Ulipofunga na jibu halikuja, hasira yako ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa. Ukisikia ushuhuda wa aliyeokoka juzi na kubarikiwa leo, kuna kitu ndani kinachouliza: na mimi je?

Katika mfano wa mwana mpotevu (Luka 15:11-32) wana wote wawili wana daftari. Mdogo, akiwa kwa nguruwe, anaandaa hotuba inayoishia kwa "nifanye kama mmoja wa watumishi wako." Anataka kurudi kama mwajiriwa, alipe polepole. Ukilinganisha aya ya 19 na ya 21 utaona kwamba hakuifikisha hotuba mwisho. Alisema "sistahili kuitwa mwana wako tena," na baba akawa tayari anaagiza vazi, pete na viatu. Ombi la kuajiriwa halikusikilizwa.

Mkubwa hakuwahi kuondoka, lakini msikilize: "mimi nimekutumikia miaka mingapi hii, wala sijakosa amri yako." Anazungumza na baba yake kama kibarua anayedai malimbikizo. Alikuwa nyumbani miaka yote hiyo akijihesabu mfanyakazi, na baba anamjibu kwa neno ambalo yeye mwenyewe hakulitumia: "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako."

Mfano unakoma bila kutuambia kama aliingia ndani. Waliokuwa wakisikiliza ni Mafarisayo na waandishi (walimu wa sheria ya Musa), walionung'unika kwa kuwa Yesu anakula na wenye dhambi, na jibu waliachiwa wao.

Je, daftari linafungwaje? Sijui njia ya mkato. Kinachosaidia ni kuomba hasa siku ile unayojiona hufai kuomba, kabla hujajisafisha. Inasaidia pia kufanya jambo jema ambalo hakuna atakayelijua, kisha usilitaje hata kwenye maombi.

Sadaka, zaka, kufunga na "kupanda mbegu" vinavuta neema?

Havinunui. Simoni, aliyekuwa mchawi huko Samaria, alipowaletea mitume fedha apewe uwezo wa Roho Mtakatifu, Petro alimjibu: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali" (Matendo 8:20).

Kisa cha Naamani katika 2 Wafalme 5 kinakwenda ndani zaidi. Jemadari wa Shamu anaponywa ukoma na anataka kutoa zawadi. Elisha anaapa kwamba hatapokea kitu. Gehazi, mtumishi wake, anaona hiyo ni hasara, anamkimbilia Naamani njiani na kumwomba talanta moja ya fedha na mavazi mawili, kwa uongo kwamba nabii amepata wageni. Anapewa talanta mbili. Anaporudi, ukoma wa Naamani unamshika yeye. Adhabu inaonekana kubwa kwa kosa la fedha. Lakini Gehazi alikuwa amemwambia mtu wa mataifa, aliyeondoka akijua kwamba Mungu wa Israeli huponya bure, kwamba kumbe kulikuwa na bei, ila ilichelewa kutajwa. Anayeuza maji, mafuta au maombi kwa wagonjwa akitafakari sura hiyo atapata kazi ya kufanya.

Kutoa ni kuzuri, na kufunga pia. Paulo akiwahimiza Wakorintho wachangie, msingi anaowapa ni kwamba Kristo, aliyekuwa tajiri, alikuwa maskini kwa ajili yao (2 Wakorintho 8:9). Wanatoa kwa sababu wamepewa. Na kufunga kunatusaidia sisi kusikia. Mungu hagomewi chakula hadi akubali.

Ni haki mtu mwovu kuokolewa dakika za mwisho?

Si haki. Ndiyo maana inaitwa neema.

Mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakubatizwa, hakutoa zaka, hakupata nafasi ya kumrudishia mtu alichomwibia. Akaambiwa, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" (Luka 23:43). Na katika Mathayo 20:1-16 mwenye shamba la mizabibu anaajiri watu alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, halafu jioni anawalipa wote dinari moja. (Saa hizo ni zile zile tunazohesabu sisi, hakuna haja ya kugeuza: wa saa kumi na moja alifanya kazi saa moja tu.) Waliochoka kwa jua wakalalamika. Tajiri hakuwapunja, maana walipatana dinari. Kilichowauma ni ukarimu kwa mwingine: "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?"

Anayelalamikia mfano huu huwa amejiweka katika kundi la alfajiri. Sijawahi kumsikia mtu akiusoma na kujiona wa saa kumi na moja kisha akakasirika.

Nikisamehewa, matokeo ya dhambi yanaondoka?

Si lazima. Daudi aliambiwa na Nathani kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, na katika mazungumzo yale yale akaambiwa kwamba upanga hautaondoka nyumbani mwake (2 Samweli 12). Uliyeiba unasamehewa, na bado unarudisha. Uliyemdanganya mwenzi wako unasamehewa na Mungu leo, na uaminifu wa mwenzi huyo unaweza kuchukua miaka. Anayetumia msamaha wa Mungu kumnyamazisha aliyeumizwa ("Mungu amenisamehe, wewe nani?") hajaelewa alichopewa.

Lazima nimsamehe aliyeniumiza? Na kama ananipiga, nirudi?

Yesu anajibu la kwanza kwa mfano wa mtumwa aliyedaiwa talanta elfu kumi (Mathayo 18:23-35). Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikuwa karibu dinari 6,000. Kwa hiyo deni ni dinari milioni 60. Mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka na asile kitu, atalimaliza baada ya miaka 200,000. Naye anapiga magoti na kusema, "nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Ahadi hiyo ni kichekesho, na mfalme hakujisumbua kuipokea, alilifuta deni lote. Nje ya mlango mtumwa akamkaba koo mwenzake aliyedaiwa dinari mia.

Wanaohubiri mfano huu husema dinari mia si kitu. Ni kitu. Ni ujira wa zaidi ya miezi mitatu. Aliyeumizwa na mzazi, mwenzi au kiongozi wa dini asiambiwe kwamba maumivu yake ni madogo. Mfano haudai hivyo, unalinganisha tu.

La pili: kusamehe ni kuacha kulipiza kisasi na kumkabidhi Mungu hukumu. Kupatana kunahitaji watu wawili, na mmoja wao awe ametubu kwa vitendo. Kumwamini tena ni jambo la tatu, na lina muda wake. Unaweza kumsamehe mtu na ukaripoti polisi siku hiyo hiyo. Hakuna aya inayomwagiza mtu arudi kupigwa, na kiongozi anayetumia neno neema kumrudisha mtu kwenye hatari anajitwika damu.

Kama nina neema, mbona maisha magumu?

Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe. Jibu: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu" (2 Wakorintho 12:9). Mwiba ulibaki. Hatujui ulikuwa nini, na pengine ni heri, kwa sababu kila mgonjwa anaweza kuweka wake pale.

Neema si jina lingine la mambo kukunyookea. Mvua, kwa mujibu wa Mathayo 5:45, huwanyeshea wenye haki na wasio haki, na ukame nao vivyo hivyo. Ukisikia mtu akipima neema kwa gari na nyumba, mkumbushe kwamba Paulo aliandika baadhi ya nyaraka zake akiwa kifungoni.

Makanisa yanatofautiana wapi kuhusu neema?

Yanakubaliana zaidi ya watu wanavyodhani. Mwanzoni mwa karne ya 5 Pelagio alifundisha kwamba mwanadamu anaweza kutimiza amri za Mungu kwa uwezo aliozaliwa nao. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini (354–430), akampinga: hata kutaka kwetu mema kunahitaji kuamshwa na Mungu. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Karthago wa mwaka 418 ulikuwa upande wa Augustino, na ule wa Orange wa mwaka 529 ukasisitiza kwamba hata mwanzo wa imani ni kazi ya neema.

Ugomvi mkubwa wa Magharibi ulikuja na Martin Luther, mtawa Mjerumani aliyeanzisha matengenezo ya Kiprotestanti, kuanzia mwaka 1517, na Mtaguso wa Trento ukatoa tamko la Kanisa Katoliki kuhusu kuhesabiwa haki mwaka 1547. Kwa ufupi sana: Waprotestanti husema Mungu humtangaza mwenye dhambi kuwa mwenye haki kwa imani peke yake, Wakatoliki husema neema humfanya kweli kuwa mwenye haki, kupitia sakramenti (ibada takatifu kama ubatizo na ekaristi), naye hushirikiana nayo. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika imani, wala si kwa stahili yoyote yetu. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Tofauti hazikuisha, lakini anayesema "wale wengine wanaamini kuokolewa kwa matendo" asome tamko hilo kwanza. Waorthodoksi wao hawakuingia sana katika ugomvi huo. Huieleza neema kama uzima wa Mungu mwenyewe ambao mwanadamu anashirikishwa.

Neema inaweza kupotea?

Hapa makanisa hayakubaliani, na ukurasa huu hautamaliza ubishi. Wanaofuata mapokeo ya Calvin, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti wa karne ya 16, husema Mungu humhifadhi hadi mwisho aliyemwokoa kweli (Yohana 10:28). Wamethodisti, Wakatoliki na wengi wa Wapentekoste husema mtu anaweza kuiacha, wakitaja Waebrania 6 na Wagalatia 5:4. Nitasema moja tu: anayeogopa kwamba ameipoteza, na anaumia kwa hilo, hana dalili za mtu aliyeiacha.

Neema inaonekanaje nyumbani na kazini?

Mtoto anayejua kwamba upendo wa mzazi hautegemei matokeo ya mtihani atathubutu kusema amefeli. Nidhamu inabaki, ila adhabu ikiisha imeisha. Kosa la mwaka jana halitajwi tena mezani. Kazini ni kumpa sifa mwenzako aliyestahili hata kama bosi alidhani ni kazi yako, na kutomwaibisha anayejifunza. Mengine utayaona mwenyewe.

Sijisikii chochote ninapoomba. Nianzie wapi?

Anza na sala fupi kuliko zote unazozijua. Mtoza ushuru katika Luka 18:13 alisimama mbali, hakuinua hata macho, akasema maneno saba: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Farisayo aliyekuwa karibu aliorodhesha kufunga mara mbili kwa juma na zaka ya mapato yake yote, na hakuna sababu ya kudhani alikuwa anadanganya. Aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki ni yule mwingine.

Usisubiri hisia. Nenda ibadani, shiriki meza ya Bwana kwa utaratibu wa kanisa lako, pokea kwa mikono mitupu kama wanavyopokea wengine. Na kama hata maneno saba yanakushinda, mwambie mtu akuombee wewe ukiwa umenyamaza. Katika Marko 2 mwenye kupooza hakusema neno lolote. Aliletwa na watu wanne waliotoboa dari, na imani ambayo Yesu aliiona kabla ya kumwambia dhambi zake zimesamehewa ilikuwa, kwa maneno ya aya ya 5, "imani yao."